Nimewasaili Wakwe Zangu na Kuwafelisha

Nimeaibika leo, ndugu zangu. Nimewafelisha wakwe. Kwa kalamu nyekundu. Kwa alama. Mbele ya majirani.

Naandika sasa hivi, kabla hamjayasikia kutoka kwa mtu mwingine. Hapa Mugoma habari haihitaji gari.

Nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Mnajua nina duka la pembejeo mbele ya nyumba yangu: mbegu, mbolea, dawa za kupulizia, majembe. Mnajua pia kwamba muuzaji wangu ameacha kazi na natafuta mwingine. Na mnajua (kwa sababu nimewaeleza hadi mmechoka) kwamba mimi humpima mwombaji kwa sarufi. Shule nilimaliza darasa la saba. Mengine nimejifunza peke yangu, kwa kamusi, taa ya chemli na ukaidi. Imani yangu ni hii: mtu asiyejali kwamba "dawa hizi inatumika" si sentensi, hatajali pia kama kifuniko ni kimoja au viwili kwenye bomba la kupulizia. Dawa ikizidi, mahindi ya mtu yanaungua. Kwa hiyo mwombaji anafanya mtihani kwanza. Vyeti nitaviona baadaye.

Usaili niliupanga leo, Jumamosi asubuhi.

Leo hiyohiyo alasiri tulikuwa na wageni. Binti yangu mkubwa, Restituta, anafundisha shule ya msingi Biharamulo, na huko amepata mchumba. Ukoo wa kijana ulikuwa unakuja kwa mara ya kwanza kujitambulisha. Sikuwahi kumwona huyo kijana. Nilionyeshwa picha kwenye simu: kofia, miwani ya jua, na nyuma yake pikipiki. (Pikipiki ndiyo niliyoikumbuka.)

Mke wangu alinionya tangu jana.

"Baba Resti, ahirisha huo mtihani wako. Kesho ni siku ya mtoto."

"Waombaji asubuhi, wakwe alasiri," nikamjibu. "Havigusani."

"Vikigusana?"

"Haviwezi. Nimepanga."

Akaniangalia kama mtu anavyoangalia paa linalovuja. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda Kabanga kufuata mchele na nyama. Resti mwenyewe alishakwenda kwa dada yangu Mabawe, maana kwetu ugeni wa namna hiyo haumkuti binti nyumbani. Nikabaki peke yangu na meza, viti, karatasi na kalamu yangu nyekundu. Nilikuwa na furaha sana. Naikumbuka ile furaha.

Vijana watatu walikuja mapema. Wakafanya mtihani, nikawaambia wasubiri majibu kwa simu, wakaenda zao. Bado mmoja. Rafiki yangu anayeniletea mbegu kutoka Biharamulo alikuwa ameniahidi: "Jumamosi nakutumia kijana wa huku, mtulivu, umwangalie." Jina hakunipa. Nami sikuuliza. (Mimi, ninayewauliza watu jina la kitenzi!)

Basi nimekaa. Jua limepanda. Ghafla naona watu wanne wanaingia uani. Mbele ni bwana mmoja mwembamba mwenye koti na fimbo. Nyuma yake mama mtu mzima amejitanda kitenge kipya. Kisha mzee mfupi aliyebeba galoni iliyozibwa kwa jani la mgomba. Mwisho kijana, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, macho chini, mkononi kikapu kilichofunikwa kitambaa. Ndani ya kikapu kitu kinasogea.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni. Mmetoka Biharamulo?"

"Ndiyo, mzee," akasema yule bwana wa fimbo.

"Nilikuwa nawasubiri."

Mama yule akatabasamu kwa faraja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kijana akachuchumaa akaniamkia kwa mikono miwili. Nikasema moyoni: huyu ana adabu. Lakini kuja kuomba kazi ya dukani na ujumbe wa watu wanne? Nikajijibu mwenyewe, tena haraka: huenda ndivyo wanavyofanya Wasubi, wenyeji wa Biharamulo. Sisi Wahangaza tuna yetu, wao wana yao. Usimdharau mtu kwa desturi ya kwao.

(Kumbukeni sentensi hiyo. Baadaye nimegundua kwamba na wao, kwa muda wote ule, walikuwa wanajiambia hiyohiyo kuhusu mimi.)

Mzee mfupi akaweka galoni mbele ya miguu yangu. Kijana akaweka kikapu juu ya galoni. Kitambaa kikasogea, jogoo akatoa kichwa.

Jogoo! Na rubisi, pombe ya ndizi! Kwenye usaili!

Nikasimama. "Wazee wangu, hapa hakuna mambo hayo. Naomba vitu hivi vitoke nje ya uzio."

Wakatazamana.

"Vitoke?" akauliza mama.

"Vitoke. Mimi sinunuliwi kwa jogoo. Kijana atapimwa kwa uwezo wake."

Mzee mfupi akainama, akachukua galoni polepole, kama mtu anayebeba mgonjwa. Nikamsikia mama akimnong'oneza: "Vumilieni. Ndiyo desturi za Wahangaza. Mzigo unasubiri nje mpaka waridhike." Nikasikia maneno hayo na masikio haya. Nikafikiri: naam, wameelewa kwamba kwetu hakuna rushwa. Nikavimba kifua.

Kisha nikampa kijana karatasi.

"Andika jina, kisha jibu maswali yote."

Kijana akamtazama bwana wa fimbo. Bwana wa fimbo akaitazama karatasi, mbele na nyuma.

"Kwenu mnaanza na maandishi?" akauliza mama.

"Maandishi kwanza, mdomo baadaye."

"Haya," akasema. "Kila watu na yao. Kaa, mwanangu, uandike."

Kijana akakaa. Akaandika. Jasho likamtoka puani. Swali la kwanza: taja ngeli tano na mfano wa kila moja. Akazitaja tatu. Swali la pili: sahihisha sentensi. Akaiharibu zaidi. Swali la tatu: andika maelekezo ya kuchanganya dawa ya viwavi ili mkulima asikosee. Hapo wote wanne wakaomba ruhusa ya kushauriana. Mama alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Viwavi? Kwa nini viwavi?" Mzee mfupi akamjibu: "Labda shamba lao lina viwavi. Wanataka mtu atakayewasaidia."

Swali la mwisho: "Eleza kwa nini umekuja kwetu na hukwenda kwingine." Kijana akaandika bila kumwuliza mtu. Mstari mmoja tu: Kwa sababu sijaona kwingine kama hapa

Nikampa alama nne kati ya tano. Alisahau nukta.

Sasa mdomo.

"Kijana, jieleze."

Bwana wa fimbo ndiye aliyeinuka. "Mzee, kwa siku ya leo nasema mimi."

"Mbona aseme mtu mwingine? Hana ulimi?"

"Anao. Lakini leo haruhusiwi."

Haruhusiwi! Nikaandika pembeni mwa karatasi: Kuzungumza, sifuri. Kijana aliiona ile sifuri.

Mzee mfupi akajaribu kuokoa jahazi. Akasimama, akavua kofia. "Mzee mwenzangu, tunaomba nafasi kidogo tujadiriane."

"Tujadiliane," nikasema.

"Eh?"

"Ni l. Tujadiliane. Sema tena."

Ndugu zangu, yule ni mzee wa miaka sitini na kitu. Ana mvi. Alikuwa ameshika kofia kifuani. Akasema tena: "Tujadiriane." Nikatikisa kichwa. Akasema mara ya tatu, polepole, huku mama akimtamkia kwa midomo bila sauti, kama mwalimu wa chekechea. Mara ya tatu ikatoka sawa. Nikamwambia, "Vizuri." Nilimwambia mzee yule vizuri. Mungu anisamehe.

Nikajumlisha. Nikapiga mstari. Nikasimama kutoa matokeo, kwa sababu naamini mtu aambiwe ukweli usoni, si kwa ujumbe wa simu. (Wale watatu wa asubuhi niliwaahidi simu. Hawa wametoka mbali, nikasema niwaheshimu.)

"Nawashukuru kwa safari. Lakini kijana amepata thelathini na nane. Hajafikia. Wamekuja vijana watatu asubuhi, na wote wamemzidi."

"Watatu?" Bwana wa fimbo akadondosha fimbo.

"Watatu."

"Asubuhi ya leo?"

"Leo. Mmoja yuko vizuri sana, wa Rulenge. Naelekea kumchukua huyo."

Mama akakaa chini. Kwenye udongo, na kitenge kipya. Kijana, kwa mara ya kwanza, akainua macho akanitazama, na macho yale yalikuwa yamejaa maji. Nikafikiri: kazi za dukani wanazitaka hivi?

"Asife moyo," nikamwambia. "Akasome, ajaribu kwingine."

"Kwingine," akarudia mama. "Anasema ajaribu kwingine."

Wakainuka. Wakaaga. Kwa adabu ya kutisha, mmojammoja. Wakatoka nje ya uzio, wakachukua jogoo wao na galoni yao, wakashika njia ya kwenda barabarani. Majirani walishaanza kusimama kwenye vibaraza vyao. Mmoja akaniuliza kwa mbali, "Wageni wako mbona wanaondoka na jogoo?" Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie: "Kwangu jogoo hafaulishi mtu!"

Nikarudi kwenye kiti. Nikafunga kalamu. Nilihisi nimetenda haki.

Haukupita muda, baiskeli ikaingia uani. Juu yake kijana amejaa vumbi mpaka kope.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimechelewa. Gari iliniacha, nimeazima baiskeli pale Benako. Ndiyo mimi niliyetumwa kutoka Biharamulo, kwa ajili ya ile kazi ya dukani."

Nikamtazama.

Nikaitazama karatasi.

Nikatazama njia.

Kuna baridi moja huanzia kwenye nyayo. Mimi nilikuwa sijawahi kukutana nayo. Ilipanda magotini, ikapita tumboni, na ilipofika kichwani ikawa na jogoo, galoni, fimbo ya mshenga, na kijana asiyeruhusiwa kusema.

Nilikimbia. Na kandambili. Nina miaka hamsini na mbili na kitambi cha kukaa dukani, lakini nilikimbia. Kandambili moja ikabaki njiani. Majirani wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Barabarani nikakuta jambo baya zaidi. Mke wangu alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda, mfuko wa nyama mkono mmoja, mchele kichwani kwa dereva, amepiga magoti mbele ya yule mama. Na yule mama alikuwa anamweleza, kwa huzuni kubwa na bila hasira hata kidogo:

"Tumefeli, mama mwenzangu. Tumejitahidi. Viwavi ndivyo vilivyotushinda."

"Viwavi?" mke wangu akauliza.

"Na ngeli. Na tumeambiwa wapo wengine watatu, na wa Rulenge ndiye anayechukuliwa. Mngetuambia mapema, tusingemtesa kijana."

Mke wangu akageuka polepole. Akaniona nimesimama na mguu mmoja peku.

"Baba Resti." Sauti ya chini kabisa. "Umewafanya nini wakwe?"

"Nimewapa mtihani," nikasema. Sikupata maneno mengine. Mtu mwenye kamusi mbili!

Nitawafupishia dakika zilizofuata, maana hazisimuliki. Nilipiga magoti. Nilieleza. Dereva wa bodaboda alicheka mpaka mchele ukamponyoka. Waliniambia walipata lifti ya gari la mahindi, ndiyo maana wakafika mapema, na walimpigia mke wangu simu hakupatikana. Yule mama ni shangazi wa kijana. Mzee mfupi ni baba yake mdogo. Mwenye fimbo ni mshenga, na katika kazi yake ya ushenga amefukuzwa na mbwa na amenyimwa kiti, lakini hajawahi kuulizwa ngeli.

"Sisi tulisema ni desturi yenu," akasema mshenga.

"Na mimi nilisema ni yenu," nikasema.

Shangazi akaniangalia muda mrefu. Nikajua kwamba ndoa ya mwanangu imesimama palepale, kwenye jicho lile.

"Turudi," akasema mwishoni. "Lakini sasa zamu yako."

Tukarudi wote. Jogoo akaingia uani safari hii, akatembea mbele kama mwenye nyumba. Shangazi akakaa kwenye kiti changu. Akachukua kalamu yangu nyekundu. Akanionyesha benchi la waombaji. Nikakaa. Yule kijana wa baiskeli alikuwa bado yupo. Alipoona mwenye duka naye anasailiwa, akakaa pembeni yangu na kuanza kusali.

"Sisi tunakuja kumchukua binti yako," akasema shangazi. "Tunataka kujua kama anayetupa anamjua anayempa. Mama Resti, wewe usiseme kitu."

"Sisemi," akasema mke wangu. Alikuwa anafurahi waziwazi.

"Resti alizaliwa msimu gani?"

"Msimu wa kuchuma kahawa," nikajibu haraka. Akaweka alama ya vyema. Nikapata nguvu. Nikaamua nitafaulu. Mimi mitihani naijua.

"Akiumwa, anapenda kupikiwa nini?"

"Uji."

Mke wangu akafunika uso kwa kanga. Shangazi akachora mkasi, alama ya kukosa.

"Anaogopa nini?"

Nikafikiri. "Mungu."

Hata mshenga alicheka. Mkasi.

"Rafiki yake mkubwa anaitwa nani?"

Mkasi. Sikujaribu hata kukisia.

"Akikasirika, hufanya nini?"

Nimemlea miaka ishirini na sita. Nimemfundisha kusoma mwenyewe, mezani hapa, kabla hajaanza shule. Nikamtafuta akilini akiwa amekasirika, nikaona tu mlango unafungwa na mimi narudi kwenye kitabu changu.

"Sijui," nikasema.

Shangazi hakuchora mkasi safari hii. Akamgeukia kijana. "Leo tumeharibu kila kitu, basi na hili tuharibu. Nakuruhusu. Sema."

Kijana akasimama. Sauti yake ni nzito kuliko umbo lake.

"Akiumwa anataka viazi vitamu na maziwa mgando, na dirisha liwe wazi. Anaogopa kondoo."

"Kondoo?" nikasema.

"Kondoo, baba. Tulipita njia nyingine mwezi mzima. Rafiki yake ni mwalimu Vestina. Na akikasirika, anafua."

"Anafua nini?"

"Kila kitu. Hata nguo zilizokwisha kufuliwa. Ukimkuta anafua usiku... usimsemeshe mpaka aanike."

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibaraza. "Ndiye!" akasema. "Ndiye huyohuyo!"

Nikahesabu kimoyomoyo. Moja kati ya tano. Ishirini kwa mia. Kijana wao alipata thelathini na nane.

Ndipo mzee mfupi, baba mdogo, akanyanyua mkono. "Shangazi, nina swali moja la mdomo." Akanigeukia, akavua kofia na kuishika kifuani, kama vile asubuhi. "Mzee mwenzangu, sema: tujadiriane."

Nikasema. Kwa r. Mara tatu.

"Vizuri," akaniambia.

Basi tukala. Nilionja rubisi kwanza kama mwenyeji anavyopaswa, nikawakaribisha, na chakula kikashuka. Kijana wa baiskeli naye alikula, kisha akafanya mtihani wake wa ngeli na kupata sabini. Nitamwajiri kwa majaribio. Ndiyo, ndugu zangu, mtihani unaendelea, msinitumie ushauri. Dawa bado ni sumu na lugha bado ni kipimo. Nimeongeza jambo moja tu: kabla ya karatasi, namwuliza mtu amekuja kufanya nini.

Walipoondoka, jogoo alibaki kwetu. Nikafikiri mambo yamekwisha. Mke wangu naye alifikiri hivyo. Lakini shangazi, mguu tayari barabarani, akageuka.

"Binti tumempenda. Mama tumempenda. Shida ni baba. Mtakapokuja kwetu Biharamulo kurudisha ugeni, baba atarudia mtihani mbele ya ukoo. Akifaulu, tunapanga siku ya kanisa. Akifeli, tunasubiri asome."

Ni wiki mbili kutoka leo. Nimeshapanga ratiba ya kujisomea.

Jioni hii nimempigia simu Resti kule Mabawe. Nimemwomba radhi, kisha nikamwomba anifundishe: anapenda nini, hapendi nini, kondoo walimfanya nini. Amecheka mpaka simu ikakatika. Nimepiga tena. Amekataa katakata kunijibu hata swali moja. Anasema huko ni kuvujisha mtihani.